Jina Lililokosa Nafasi Safinani

Waheshimiwa wenzangu wa baraza ya alasiri,

Tangu nirudi mmeniuliza mara nyingi safari ilikuwaje, nami kila mara nimejibu "salama" na kuagiza kahawa. Sikufanya hivyo kwa kiburi. Nimefanya kazi ya masjala kwa miaka thelathini na miwili, na najua kwamba habari inayosimuliwa barazani Jumatatu huwa si ile ile ifikapo Alhamisi. Kwa hiyo nimeiandika, hatua kwa hatua, ili atakayetaka kubishana abishane na karatasi.

Nianze kwa kusahihisha jambo moja. Nilipoaga niliwaambia kuwa nakwenda London kumtazama jamaa mgonjwa. Neno "jamaa" halikuwa la kweli. Nilikwenda kumtazama dada yangu wa baba mmoja na mama mmoja, jina lake Raya, aliyekuwa akisubiri kupasuliwa moyo. Hamjawahi kunisikia nikimtaja. Hatukuwa tumesemezana kwa miaka zaidi ya thelathini, na kosa, kwa maoni yake, lilikuwa langu. Nilitaka nipate radhi yake kabla hajaingia chumba cha upasuaji. Hilo ndilo lililonipandisha ndege katika umri huu.

Kutoka Wete hadi Dar es Salaam

Meli ilitakiwa kuondoka bandarini saa moja asubuhi. Iliondoka saa tano na robo. Hakuna aliyeeleza sababu, na nilipomuuliza mhusika alinijibu, "Mzee, si unaona tunapakia?" Nilikuwa naona. Nilichouliza ni kwa nini upakiaji uanze saa ya kuondoka. Nimeliandika jibu lake kijitabuni pamoja na saa.

Mkononi nilikuwa na kikapu kimoja cha ukindu chenye halua ya Wete, kutoka kwa mpishi ambaye baba yake ndiye aliyekuwa akituletea nyumbani siku za sikukuu, Raya alipokuwa mwari. Sikukubali kikae na mizigo mingine. Dar es Salaam tuliambiwa ndege imechelewa hadi kesho yake mchana. Bwana mmoja wa Mbeya aliyekaa karibu nami alikitazama kikapu kwa muda mrefu, akauliza kama kuna kuku ndani.

"Hakuna kuku."

"Basi mbona unakipakata kama kitalia?"

 Nilikiweka chini, na baada ya muda nikakipakata tena.

Uwanja wa ndege wa London

Kijana wa forodha, mwenye glavu, alikifungua kikapu na kurudi nyuma hatua moja.

"Hii ni nini?"

"Halua."

"Imetengenezwa kwa nini?"

Nikamtajia kwa utaratibu: sukari, wanga, mafuta, iliki na kungumanga. Akamwita mkubwa wake. Mkubwa wake akaleta chuma chembamba na kuitoboa halua kutoka juu hadi chini, pamoja na kikapu chenyewe, halua ambayo kwetu hukatwa kwa kisu safi mbele ya mgeni. Niliomba jina lake ili niliandike katika malalamiko. Alinitaka nile kipande. Nikala. Wote wawili wakanitazama kama wanaosubiri nianguke.

"Tamu?" mkubwa akauliza.

"Swali hilo si la kiforodha," nikamwambia.

Alicheka. Mimi sikucheka. Nilizuiwa saa moja na dakika arubaini, na kikapu kilitoka na tundu chini upana wa kidole. Naomba tundu hilo mlikumbuke.

Hayes: siku mbili za kungoja

Nilipokewa na Suleiman, mtoto mkubwa wa Raya, mtu mzima wa miaka arubaini anayefanya kazi ya zamu katika ghala karibu na uwanja wa ndege. Nyumba yake ipo Hayes, na ndege hupita juu ya paa kwa ukaribu hata vikombe hutetemeka kabatini na hakuna anayeinua kichwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mama yako yu hali gani? Twende kwake moja kwa moja."

"Mjomba, tule kwanza. Mama kasema usubiri."

"Nisubiri nini? Niko njiani siku nne."

Suleiman alikuna shingo. "Kasema yeye kasubiri miaka thelathini. Wewe siku mbili hazitakuua. Na kasema ukija, usije na maneno ya ofisini."

Nilikaa Hayes siku mbili. Wajukuu wa dada yangu walielewa kila neno langu na kunijibu kwa Kiingereza, kana kwamba tunarushiana mpira kutoka viwanja viwili. Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, Suleiman aliniuliza kwa adabu, macho yakiwa kwenye bakuli la mchuzi:

"Mjomba, ni kweli uliandika kuwa mama kafa?"

"Si kweli. Sikuandika kuwa amekufa. Sikuandika kitu."

"Basi ndivyo anavyosema. Kwamba hukuandika kitu."

Hapa yanipasa niweke kumbukumbu sawa. Katika miaka ile ambayo watu walikuwa wakiondoka kwetu kwa siri, Raya aliondoka na mumewe. Baadaye ilikuja amri kila nyumba iorodheshwe. Nyumba yenye mtu aliyeondoka iliitwa, ikahojiwa, ikaitwa tena. Mimi nilikuwa karani, na nyumba yetu niliiorodhesha mwenyewe. Niliandika kuwa mama ana watoto wawili: mimi Hemedi, na mdogo wangu Ali, Mungu amrehemu. Siku chache baadaye wakubwa walipita mtaani wakisoma orodha mbele ya kila mlango. Walimuuliza mama: watoto wangapi? Mama akajibu: wawili.

Habari hiyo ilimfikia Raya kwa mdomo wa mtu aliyekuwa Mombasa, naye akaipokea kama mtu anavyopokea habari ya msiba: mama yake mwenyewe amemkana mbele ya majirani. Miaka ikapita, mama akafariki. Raya aliandika kuomba ruhusa ya kuja. Alijibiwa kwamba kwa mujibu wa daftari marehemu hakuwa na binti wa jina hilo. Barua ile sikuitia saini mimi, lakini daftari lililofunguliwa lilikuwa na mwandiko wangu.

Nilikuwa nimetayarisha hoja nne za kujitetea, nimeziandika kijitabuni kwa namba. Nilizisoma tena Hayes, ndege zikipita, na niliziona ni hoja nzuri.

Peckham: basi lililokatisha safari

Siku ya tatu zamu ya Suleiman ilibadilishwa ghafla, kwa hiyo alinifikisha Peckham kwa treni, akanipandisha basi na kunichorea ramani. Kabla ya hapo tulinunua muhogo na samaki waliogandishwa wakawa kama matofali. Peckham ilinishangaza kwa kunikumbusha kila mahali isipokuwa Uingereza: ndizi mbichi barabarani, saluni juu ya duka, kanisa juu ya saluni, na wahubiri wawili wanaoshindana kwa vipaza sauti.

Ndani ya basi nilikaa na mama mmoja wa Bukavu, aliyevaa sare ya kazi ya usafi. Aliniambia jina lake ni Mama Furaha. Alisikia nikisema "bismillahi" nilipokaa, akageuka mara moja.

"Papa, weye uko unasema Kiswahili? Unaenda wapi na mizigo yote hii?"

"Thamesmead, mama."

"Na mimi njo kule. Tutaenda pamoja."

Hatukwenda pamoja mbali. Nusu ya njia basi lilisimama, dereva akatangaza jambo, na watu wote wakashuka bila kulalamika, kama kondoo waliozoea. Mimi sikushuka. Nilikwenda mbele nikamweleza dereva kwamba mbele ya basi lake pameandikwa Thamesmead na kwamba hapa si Thamesmead. Alinisikiliza kwa upole, huku mkono wake ukibonyeza kitu juu ya kichwa chake.

"Papa, shuka," Mama Furaha aliita kutoka barabarani. "Ingine inakuja."

"Mama, kilichoandikwa kimeandikwa."

"Haa! Amekwisha kufuta, papa. Kuja uangalie mwenyewe."

Nikashuka, nikazunguka mbele, nikatazama. Kweli. Jina la Thamesmead lilikuwa limeondoka, na mahali pake palikuwa na neno jingine. Alikuwa amelibadilisha wakati mimi nazungumza naye.

Tulisimama kwenye upepo dakika hamsini. Mama Furaha alitoa maandazi kwenye mfuko wa plastiki, akanigawia mawili, na katika kula alinisimulia kwamba walipokimbia vita, mtu aliyekuwa akiandika majina kambini alimruka mtoto wake mmoja. "Tulikaa pale miezi mingi juu ya jina moja tu. Wengine wanaenda, sisi tunabaki."

"Na yule mwandishi, ulimsamehe?"

Alifikiri, akapangusa sukari mdomoni. "Sikumujua hata sura, papa. Nitasamehe nani?"

Basi la pili lilipofika nilimwachia nafasi ya dirishani. Huenda alidhani nimechoka.

Thamesmead, nje ya lango

Mtaa anaokaa dada yangu umejengwa kwa zege tupu, majumba marefu yaliyounganishwa kwa njia za angani, na katikati yake kuna ziwa lenye mabata maji. Lifti ilikuwa mbovu. Nilipokuwa nikipanda ngazi niliona jambo lisilo la kawaida: nyumba zile hazina vyumba vya kuishi chini. Chini ni mahali pa magari tu. Watu wanaanzia juu.

Raya alinifungulia mlango mwenyewe. Nilikuwa nimejitayarisha kumwona mzee, lakini si mdogo kiasi kile. Kimo chake kilifika begani kwangu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," akajibu, kwa kuwa haifai kutojibu. Kisha akatazama kikapu. "Karibu, Bwana Karani. Panya wa wapi huyu aliyekutobolea?"

"Forodha."

"Nao waliandika risiti?"

"Hawakuandika."

"Pole," akasema, na akakiweka kikapu juu ya meza, katikati, bila kukifungua. Pale kilikaa siku tatu. Kila mlo alikisogeza kidogo ili apate mahali pa kuweka sahani, kisha akakirudisha.

Nilimuuliza juu ya nyumba zisizo na vyumba vya chini. Alinipeleka dirishani.

"Hapa palikuwa kinamasi. Walipojenga, ilikatazwa watu kulala chini, kwa kuuogopa mto."

"Nimesoma kuwa kuna lango kubwa la chuma mtoni. Maji ya bahari yakivimba hulifunga."

"Lipo."

"Basi mko salama."

"Lango liko kule juu mtoni, Bwana Karani. Linalinda mji. Sie tuko huku nje yake." Alivuta pazia. "Tuna ukuta wetu wa udongo. Tumeuzoea."

Mara mbili siku ile, na mara moja siku iliyofuata, nilifungua kijitabu nianze hoja ya kwanza. Mara zote tatu alinikatiza kwa neno moja: "Kula." Ilikuwa Jumamosi. Alitakiwa kuingia hospitali Jumatatu asubuhi.

Hadithi ya Mzee Donal

Jumapili mchana tulikuwa na mgeni, jirani wa ghorofa ile ile, Mzee Donal, Muairishi wa pande za magharibi ya nchi yao. Alichimba misingi na mashimo ya njia za treni London kwa miaka arubaini, na mgongo wake ulibaki umejikunja kama bado yumo shimoni. Raya alikuwa akimhudumia zamani, katika kazi yake ya kutunza wazee. Alipostaafu kazi iliisha, lakini chakula cha Jumapili hakikuisha.

Kiingereza changu ni cha mafaili. Chake kilitoka kooni na kupita puani, nami sikushika nusu. Kwa hiyo Raya alitafsiri, bila kuacha kutoa miba ya samaki kwa ajili ya mzee wake.

"Anauliza, ndiye huyu ndugu mwenye madaftari?"

"Mwambie nimestaafu."

"Anasema daftari halistaafu."

Mzee Donal alichota achari ya ndimu kama mtu anayechota uji. Macho yakamjaa machozi, uso ukawa mwekundu, akapiga meza. "Anasema, wangekuwa nayo hii kwao, gharika ingekauka siku ya kwanza."

Mimi, kwa kutafuta mazungumzo yasiyo na hatari, nikasema kuwa si busara kujenga mahali panapotarajiwa gharika. Hapo akaweka kijiko chini, akajifuta macho, na akaanza kusimulia. Dada yangu alimfuata kwa Kiswahili, polepole.

Alisema kwao zamani za zamani hapakuwa na mtu hata mmoja. Wa kwanza kukanyaga ardhi ile alikuwa mwanamke, mjukuu wa Nuhu. Nilimwomba aniandikie jina, akaliandika kijitabuni mwangu kwa herufi kubwa, chini kabisa ya hoja yangu ya nne: CESSAIR. Baba yake alikwenda kwa Nuhu kuomba nafasi safinani, yeye na binti yake. Nuhu akasema hakuna nafasi.

Nilimkatiza. "Mwambie Nabii Nuhu, amani iwe juu yake, hakuwa na mjukuu wa jina hilo. Habari za waliopanda tunazo, na za aliyekataa kupanda tunazo. Huyu hayumo."

Raya alitafsiri. Mzee alimsikiliza, akatabasamu kwa meno matatu.

"Anasema: ndiyo, hayumo. Ndiyo maana alijenga meli yake."

Akaendelea. Yule mwanamke alijenga meli tatu, akawaambia watu wake: twende mwisho kabisa wa magharibi, mahali ambapo hapajakaliwa na mtu, kwa hiyo hapajafanywa dhambi, na huenda maji hayatafika. Wakasafiri miaka saba. Meli mbili zikazama. Wakafika wanawake hamsini na wanaume watatu, siku arubaini kabla ya gharika.

"Na kabla ya hapo?" nikauliza. Nilitaka mwanzo wa faili. "Dunia yenyewe wanasema iliumbwaje?"

Raya alimuuliza, na mzee akatikisa kichwa kwa muda.

"Anasema hawana. Hadithi ya kuumbwa kwa dunia, kama walikuwa nayo, imepotea. Walioshika kalamu walikuwa watawa, nao hawakuiandika. Kilichobaki kinaanza na watu kufika." Kisha akaongeza, na sikujua kama maneno ni yake au ya mzee: "Usipoandikwa, mwanzo wako ni pale ulipofika."

Wanaume wawili kati ya wale watatu wakafa. Akabaki mmoja, Fintan, na wanawake wote wakamtazama yeye. Mzigo ukamshinda, akakimbia na kujificha kilimani. Yule mwanamke akafa kwa uchungu wa kuachwa. Siku ya arubaini maji yakaja, yakachukua kila mtu isipokuwa aliyekimbia. Aligeuka samaki, akapita majini. Maji yalipokauka akageuka ndege, akaruka karne baada ya karne, kisha akarudi kuwa mtu. Akawaona wote waliokuja baadaye. Kisha siku moja wakubwa wa nchi walipogombana juu ya mipaka, na hakuna aliyejua lipi la kweli, walituma watu wamtafute yeye, kwa kuwa ndiye peke yake aliyeona.

Nakiri kwamba hapa nilisogeza kiti. Sisi wa masjala tunajua thamani ya mtu wa namna hiyo. Lakini dada yangu alikuwa ameacha kutoa miba. Alimuuliza mzee swali kwa Kiingereza, na hili nililielewa lote:

"Aliposimama mbele yao kutoa ushahidi, alimtaja? Yule aliyemwacha?"

Mzee Donal alimtazama yeye, kisha mimi.

"Alimtaja," akasema. "Alianza naye."

Ziwa lilikuwa kimya dirishani. Raya alifuta vidole kimoja kimoja.

"Hemedi, siku ile mlangoni. Mama alisema wangapi?"

Nilifungua kijitabu. "Kwanza, ilikuwapo amri. Pili, Ali alikuwa ndio kwanza ameajiriwa, na..."

"Sikukuuliza kwa nini. Nimekuuliza alisema wangapi."

"Wawili."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Mimi nilimfundisha kuanzia alfajiri. Alikuwa akisema watatu, nikimrudisha. Alisema watatu mara nyingi."

"Kisha?"

"Kisha wakaja, akasema wawili, wakaandika alama, wakaenda."

"Kisha?" alirudia, na hapo nikaona kuwa hakuwa akiuliza kwa hasira. Alikuwa akiuliza kama mtu anayepapasa ukuta gizani.

Hoja zangu nne zilikuwa mbele yangu na hata moja haikujibu swali lile. Nikafunga kijitabu.

"Kisha akapakua chakula," nikasema. "Sahani tatu. Yangu, ya Ali, na ya tatu akaifunika kwa kawa ya ukindu. Ndivyo alivyofanya kila siku tangu ulipoondoka. Aliiweka barazani kwenye kibao, mahali ulipokuwa ukikaa. Nilimwambia majirani wataona, wataanza kuhesabu. Akaiingiza ndani. Nilimwambia wageni wataona. Akaiweka chumbani kwake, chini ya kitanda. Jioni alimpa mtu mwenye shida, na kesho yake akapakua tena. Mpaka siku aliyougua ugonjwa wake wa mwisho hajaiacha."

Raya hakulia. Akasema kwa sauti ndogo, "Alifunika kwa ile kawa ya rangi nyekundu na kijani?"

"Ile ile. Ilichakaa ukingoni, akaishona."

"Miaka yote hii, Hemedi. Kwa nini hukuniandikia?"

Natamani ningekuwa na jibu la kumstahi mtu. Nilimwambia lililokuwa kweli: "Halikuwamo katika daftari."

Mzee Donal, ambaye hakuelewa hata neno, aliinuka taratibu, akambusu dada yangu juu ya kichwa kama mtoto, akaenda zake kwa kushika kuta. Raya alisogeza sahani, akakivuta kile kikapu, akakifungua. Alikata halua kwa kisu, akiliacha lile tundu pembeni. Akala kipande, akanipa kipande.

"Sijasema nimekusamehe," akasema.

"Nimesikia."

"Nikitoka salama, utaniandika. Unisikie vizuri. Usiniandike kwa kunionea huruma. Niandike kama ilivyokuwa."

Kurudi, na karatasi hii

Jumatatu tulimpeleka hospitali. Alipasuliwa kesho yake. Mimi na Suleiman tulikaa kwenye viti vya plastiki kwa saa saba, na muuguzi aliyetuletea habari alianza kwa kutabasamu, kwa hiyo nilijua kabla ya kusikia. Nilibaki London siku kumi na mbili zaidi. Alizungumza nami kila siku, mara nyingi kunikosoa jinsi ninavyopika wali.

Ndege ya kurudi ilichelewa saa sita. Sikuandika saa wala sababu.

Nilipofika hapa, kabla hata ya kuja barazani, nilikwenda ofisini kwangu kwa zamani kuomba daftari lirekebishwe. Kijana aliyepo, mwenye adabu na elimu yake, alinieleza kuwa madaftari ya zamani kiasi kile hayafunguliwi kwa marekebisho, na kwamba aliyeandika akikosea kumbukumbu hubaki vile vile. Nilikasirika sana. Nilipokuwa nikishuka ngazi nikakumbuka kuwa kanuni hiyo niliipitisha mimi.

Kwa hiyo naandika hapa, mbele yenu, kwa kuwa ninyi ndio mtaa uliokuwapo siku ile, na wengine wenu baba zenu walisimama milangoni wakisikia. Mama yangu alisema wawili kwa kuwa mimi nilimwambia aseme. Hawakuwa wawili.

Juzi Raya alipiga simu. Sauti yake imepata nguvu.

"Umeandika, Bwana Karani?"

"Naandika. Karibu namaliza."

"Umeanza na nani?"

Karatasi nilikuwa nayo mkononi, nikamsomea mstari wenyewe:

"Watoto wa Mwanaisha binti Faki, wa Wete: wa kwanza ni Raya; wa pili, Hemedi, mwandishi wa haya; wa tatu, Ali, marehemu."

Nilisikia pumzi yake, na nyuma yake birika likichemka, na mbali kidogo Mzee Donal akiuliza jambo. Hakumjibu.

"Soma tena," akasema.